Ombi la Kurudishiwa Miezi Yangu ya Kifungo

Munguti, fundi wa mageti,
Noonkopir, Kitengela.
Juni 2020.

Kwa Mkuu wa Gereza la Olmotiok,
Kaunti ya Kajiado.

Afande Mkuu,

KUH: KUACHILIWA KWANGU BILA KUULIZWA, NA MADHARA YAKE KWA AFYA

Ninakuandikia nikiwa nimekaa mbali na karatasi hii kadiri mkono wangu unavyoruhusu, maana sitaki kukuletea kitu ambacho si barua. Natumaini wewe na jamii yako mu wazima, na kwamba lile tangi la kunawia mikono mliloletewa na wafadhili bado limesimama pale langoni. Sikuwahi kuliona likiwa na maji, lakini lilikuwepo, na wageni walilipiga picha.

Jina langu ni Munguti, fundi wa kuchomelea vyuma. Huenda usinikumbuke, kwa sababu mlikuwa mkituhesabu watano watano tumechuchumaa, na mtu akichuchumaa hafanani na mtu. Mimi ndiye niliyewatengenezea bawaba ya mlango wa jikoni ilipokatika. Mlango ule sasa hauanguki, na naomba jambo hilo liwekwe upande wangu wakati wa kuamua.

Kosa langu unalijua. Mwezi wa Aprili nilikutwa katika kibanda cha pombe hapa Kitengela, saa za kafyu, nimekaa karibu mno na watu wengine kinyume cha masharti ya afya. Sikatai. Tulipakiwa sote katika lori moja, tukasongamana hivi kwamba kiwiko cha jirani yangu kilikuwa mdomoni mwangu mpaka kituoni, na hakimu akanipa miezi sita kwa kosa la kukaribiana na watu. Ili niitumikie vizuri nikaletwa kwenu, katika wadi ambayo mtu akitaka kugeuka usingizini lazima safu nzima igeuke. Hata hapo sikulalamika. Dawa ya moto ni moto.

Kisha mwezi huu wewe, Afande, ukatutangazia ile sera ya kupunguza wafungwa ili ugonjwa usituvamie. Nayakumbuka maneno yako barabara kwa sababu niliyapenda. Ulisema watakaotoka ni waliobakisha miezi michache na ambao ni wazima. Wagonjwa watabaki, ulisema, hasa wanaokohoa, maana si vizuri kuwamwagia wananchi watu wanaokohoa. Nikaelewa. Asiyekohoa anatolewa asije akaanza kukohoa, na anayekohoa anabaki kwa kuwa ameshaanza. Mimi sikusoma sana, lakini kazi ya fundi naijua nikiiona. Sera hiyo imechomelewa kila upande, haina upenyo wa mtu kupita.

Basi jina langu likasomwa, nikatoka. Malalamiko yangu yanaanzia hapo, nami nayapanga kwa nambari ili usipate taabu.

1. Sikuulizwa. Hakimu alinipa miezi sita mbele ya watu, kwa sauti, akagonga na meza. Ni kitu nilichopewa rasmi, na katika maisha yangu sijapewa vitu vingi rasmi. Ninyi mkachukua zaidi ya nusu yake na kunitoa langoni na suruali niliyokuja nayo. Nauliza kwa adabu: hiyo miezi iliyobaki iko wapi, na ni nani anayeitumia?

2. Barabara. Mliniacha huru upande mmoja wa kizuizi, na nyumba yangu iko upande wa pili. Unajua kwamba Kitengela ilifungwa pamoja na Nairobi, haingii mtu wala hatoki. Nilimwonyesha askari wa kizuizini karatasi yenu ya kuachiliwa. Aliisoma mbele na nyuma, akaniambia karatasi hiyo inasema nimetoka, haisemi nimefika. Nikakaa kando ya barabara nikitazama. Kabichi zilipita. Nyasi za ng'ombe zilipita. Gari la serikali lililobeba wafungwa lilifunguliwa njia kabla halijasimama, na wale jamaa wakanipungia mikono yenye pingu. Nilielewa kwamba kilichonizuia kufika kwangu ni uhuru, na kama mngenileta mkiwa mmenifunga ningekula chakula cha mchana na familia. Mwishowe nilivuka kwa sababu nilikuwa na mbuzi. Askari aliuliza mbuzi anapelekwa wapi, nikamwambia; habari yangu hakuiuliza. Mambo ya mbuzi huyo nayaweka kando, maana hayahusiani na afya.

3. Nyumba. Ninakaa chumba kimoja, mimi, mke wangu Mwelu na binti yetu Ann. Mama mkwe alikuja kutoka Mwala kumsalimia mjukuu wake, na barabara zikafungwa akiwa ndani. Sasa sisi Wakamba tuna kitu tunachokiita nthoni. Mwanamume na mama mkwe wake hawalali chumba kimoja, hawali chungu kimoja, hawatazamani usoni, na jina lake mkwe halitajwi, ndiyo maana hulioni hapa. Akiingia mimi natoka. Akitoka mimi naangalia ukuta mpaka nyayo zipotelee mbali. Katika ploti nzima iliyojaa watu kama nyuki, wanaotimiza masharti ya Wizara ya Afya ni mimi na mama mkwe peke yetu, na hatufanyi hivyo kwa ajili ya Wizara. Kwa hiyo nalala karakana, katikati ya mageti ya watu wengine.

Nikiwa bado kwenye mageti: tangu nirudi, kazi niliyoletewa ni vyuma vya madirisha tu. Kila mwenye nyumba hapa anaogopa njaa za watu, anataka azungushiwe vyuma. Nimetoka ndani ya vyuma nikaja kuvitengeneza, Afande, na wanaojifungia humo wananiomba nifanye haraka.

4. Usafi. Tumeambiwa tunawe mikono kila wakati. Maji ya visima vya huku yana chumvi, hata sabuni inakataa kutoa povu. Unanawa, unasuuza, unabaki na chumvi na sabuni yote mikononi kama nyama inayongoja jiko. Tumeambiwa pia tuvae barakoa, nasi tunavaa. Ploti yetu ina moja nzuri ya kitambaa, na anayetoka kwenda dukani anaichukua kwenye msumari, akirudi anaitundika. Haijawahi kupotea hata mara moja. Na kafyu ikigonga kila mtu huru anafungiwa. Kwenu nilifungiwa nikalishwa. Huku nafungiwa, najilisha, na komeo nalivuta mwenyewe. Naomba mtu anieleze nimefaidi nini.

5. Majirani. Habari zimeenea kwamba nimetoka jela na kwamba jela ndiko kuna corona. Jirani yangu Ouko alikuwa ameazima msumeno wangu wa chuma tangu ule uchaguzi uliopita. Siku niliyofika aliurudisha kwa kuurusha juu ya kamba ya nguo. Nashukuru kwa msumeno. Lakini akaniambia kutoka kule kule aliko, "Fundi, si ati nakuogopa, ni vile niko na watoto." Ouko hana mtoto. Yuko na redio tu.

6. Matibabu. Kwenu kila mgonjwa alipewa kidonge cheupe, kile kile, bila upendeleo. Mwenye jino alipewa, mwenye tumbo alipewa, na Mzee Sankale mwenye kifua alipewa. Hiyo ndiyo haki mbele ya sheria. Huku nilikwenda zahanati kwa ajili ya mgongo, wakaanza kuniuliza unauma wapi na tangu lini, wakaniwekea chombo baridi kifuani wakasikiliza. Nilitoka nimechoka.

7. Usingizi. Hili ndilo kubwa, na naomba ulisome ukiwa umekaa.

Muda wote niliokaa kwenu nililala nimegeuziana mgongo na huyo Mzee Sankale niliyemtaja, yule Mmaasai mwembamba wa pembe ya dirisha, aliyepewa miaka mitatu kwa kukata waya wa ploti. Waya ulikuwa umeziba njia ya ng'ombe wake kwenda majini, njia waliyopita tangu baba yake. Alikuta geti limefungwa, hakuona wa kumwuliza, akakata. Huenda geti lenyewe nilichomelea mimi, maana nimechomelea mengi upande ule. Mzee hawezi kulala chali. Akilala chali pumzi inakwama, anaanza kukohoa, na akianza wadi yote inakesha. Kwa hiyo tulikaa yeye ameniegemea nami nimemwegemea, na blanketi lake moja limetuzunguka wote wawili, kwa kuwa langu halikuwahi kufika kutoka stoo.

Sasa tazama hasara yangu. Mgongo wangu umezoea uzito. Karakana ni kimya mno. Nashtuka kusikiliza kama anapumua, nakuta niko na mageti. Redioni wanasema asiyelala hupungukiwa na kinga ya mwili, na asiyekuwa na kinga ndiye chakula cha ugonjwa huu. Kwa hiyo kwa kunitoa ili nisiugue, mmeniweka pale pale pa kuugua.

Na hasara haikuishia kwangu. Jiulize, Afande, mzee ameegemea nini sasa hivi? Kama ameegemea ukuta, ule ukuta wa upande wa dirisha una unyevu mwaka mzima, na mtu akiukoholea kila siku plasta itabanduka. Nasema haya kwa kujali mali ya serikali.

Kwa sababu hizo zote naomba nirudishwe gerezani upesi iwezekanavyo, nikamalizie miezi yangu.

Najua utanijibu kwamba nafasi hakuna, na kwamba sera ni kupunguza idadi, si kuiongeza. Nimelifikiria hilo nikichomelea. Akiingia mmoja akatoka mmoja, ile hesabu yenu ya watano watano haiharibiki. Mkihesabu asubuhi mtakuta watu wametimia, na jioni mtakuta wametimia. Sijui kama kuna sheria inayosema lazima wawe wale wale.

Sina mtu ninayempendekeza atoke. Sitaki kukuingilia kazini. Ila kwa urahisi wako, ingefaa awe mtu anayechukua nafasi kubwa, mathalani asiyeweza kulala chali. Awe anawasumbua wenzake kwa kukohoa. Awe na boma lake mwenyewe mahali penye upepo pande zote, pasipo jirani wa karibu hata wa kumrushia msumeno, ili asimwambukize mtu. Awe mzee, kwa sababu wazee mnawalisha na hawawatengenezei bawaba. Na kama jina lake litaanza na S, itakuwa rahisi kumwita.

Ikiwa mtu huyo amebakisha miezi mingi kuliko yangu, hilo lisikuchoshe. Nipe mimi hiyo yake yote. Sina haraka, na hakimu alishaonyesha kwamba ananiamini na vitu vya namna hiyo.

Nisalimie askari wa lango, aliyenifungulia kwa upole ingawa sikuwa nimeomba. Msalimie mpishi, umwambie ugali wa huku hauna mawe na meno yangu yamezubaa. Nisalimie wadi yote, safu kwa safu, wakigeuka. Na Mzee Sankale umsalimie ukimkuta macho. Utamkuta macho.

Ni mimi, aliyepunguzwa kwenye idadi yako,
Munguti, fundi.

Tanbihi: Mwelu ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Akaniambia, "Baba Ann, hii yote ni uongo, na Afande si mtoto mdogo." Kwa hiyo naongeza ukweli, maana karatasi imebaki.

Afande, sitaki kurudi. Nyumbani ni kuzuri. Mama mkwe ananipikia muthokoi, anauweka nje ya karakana akiwa amegeuza uso, na ni mtamu kuliko chakula chochote nilichopata kula. Ann ananifuata huku na kunipanda mgongoni nikiwa nakula, na mgongo ambao niliwaambia zahanati unauma hauumi hata kidogo. Hata Ouko jana alirudi kuazima msumeno. Nikisikia lori linapunguza mwendo barabarani najificha nyuma ya mageti. Nalichukia lango lako, ninalichukia na bawaba zake.

Ila kuna yule mbuzi.

Kwa Wamaasai, mtu akikupa mbuzi hamwitani tena kwa majina. Mnaitana Pakine, yeye na wewe, maisha yenu yote. Si deni, hakuna anayedai. Ni kwamba tu mmoja akipatwa na shida, mwenzake hangoji kuombwa. Mzee alinipa mbuzi mle ndani, kwa mdomo, kwa sababu ya ule mgongo. "Kuanzia leo wewe ni Pakine," akasema. Mimi nilicheka, maana gerezani kila mtu ana mali nyingi nje. Halafu ikaja siku mliyowaruhusu wafungwa kupiga simu nyumbani, kwa kuwa kutembelewa kulikuwa kumekatazwa. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Dakika zake zote alizimaliza kumweleza mkewe ni mbuzi yupi: yule mwekundu, mwenye sikio lililokatwa. Habari ya kifua hakuitaja kabisa.

Nilipotoka nilipita bomani kwake, upande wa Isinya, kupeleka salamu tu. Mkewe, Yeyo Seleyian, hakuningoja nimalize kusalimia. Akaniuliza, "Ni wewe Pakine?" akaenda moja kwa moja akanifungulia mbuzi mwekundu. Akaniuliza kama mzee bado anakohoa. Nikasema anakohoa. Akaniuliza, "Na analala?" Nikainama nikajifanya nakaza kamba ya mbuzi, na kamba ilikuwa imekaza tayari.

Ndiye mbuzi aliyenivusha kizuizini. Mimi niko nyumbani kwa miguu ya mbuzi wa mzee, na mzee yuko kwako.

Sheria siijui. Najua kwamba baridi ya Julai inakuja, na kwamba akiwa ameegemea ukuta ule hataimaliza. Nawe unajua, kwa sababu nilikuona siku ile ulipoyasoma majina. Ulimtazama, ukatazama karatasi, ukaendelea kusoma. Sikuwekei kinyongo. Karatasi ilikuwa na sera, na yeye alikuwa na kikohozi.

Kama unaweza kumtoa bila kubadilishana na mtu, basi chana barua hii, malalamiko yote saba uyasahau, na uniache kwangu. Nitafurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini kama ni lazima hesabu itimie, Jumatatu asubuhi nitakuwa langoni. Nitampitisha mbuzi kizuizini tena, nimwache kwa Yeyo Seleyian anitunzie. Mwelu amekubali. Alininunia kutwa nzima, akalia, kisha akanikunjia blanketi akalitia kwenye mfuko wa safari. Ni langu mwenyewe, ili mzee akitoka aondoke na lake.